Mgeni Aliyepewa Kuzungusha Meza

Kama una binti, na kuna kijana anayekuja kwako mikono imejaa zawadi, usiiangalie ile mikono inapotoa. Mpeleke mahali mkale naye. Wewe mwenyewe punguza kula, utazame. Mimi nilitazama, nikaona, nikasema, na haikusaidia kitu. Lakini nilichelewa, maana siku niliyoona ndiyo siku tuliyokwenda kupanga tarehe. Huenda wewe ukawahi.

Mkahawa wenyewe uko mtaani kwetu, ukipita duka la dawa. Ulikuwepo kabla sijaolewa. Taa zake za karatasi nyekundu zimepauka mpaka zina rangi ya fizi, na mlangoni kuna tangi la kioo lenye samaki mmoja mzee ambaye watoto wa mtaa mzima wamemgongea kioo, wakakua, wakaleta watoto wao nao wamgongee. Mwenye mkahawa tunamwita Bibi Mchina. Alikuja bado kijana na mumewe aliyekuwa mpishi. Mume alishafariki, sasa anapika mwanawe, na bibi anakaa kaunta akimenya tangawizi. Kiswahili chake ni kama changu na chako. Matusi pia anayajua, ila anawawekea watu wa umeme tu.

Mimi ni dobi. Vitambaa vya meza vya mkahawa ule nimevifua miaka na miaka, kwa hiyo pale sisi si wageni. Baba Chiriku ni fundi wa mafriji, na friji la bibi likikohoa anaitwa yeye. Kila tukiwa na jambo, mtoto akifaulu au mtu akipona, tunakwenda kwa Bibi Mchina, tunakaa meza ya kona.

Ile meza ni ya duara, na juu yake kuna kioo kinachozunguka. Vyakula vyote vinawekwa juu ya kioo, unakisukuma taratibu mpaka bakuli unalolitaka lifike mbele yako. Watoto walikuwa wanagombania kukisukuma. Siku moja mchuzi wote ukamwagikia shangazi yao, ndipo Baba Chiriku akaweka sheria: mwenye siku yake ndiye dereva. Yeye peke yake anashika kioo, wengine wote abiria. Ukitaka kitu unamwambia, "Dereva, nishushe kwenye tambi." Tulicheka sana na sheria hiyo, na tuliifuata hadi watoto wakawa watu wazima. Mtu asiyekuwa dereva hagusi kioo.

Chiriku ni binti yangu. Jina hilo alipewa na baba yake kwa kuwa alianza kusema kabla ya kutembea na hakunyamaza tena. Alikuwa anauza viatu kwenye duka kubwa, amepanga chumba karibu na kazini, na mwajiri wake alinambia kwa mdomo wake, "Mama, huyu angemuuzia nyoka viatu jozi mbili." Nyumbani ulikuwa huisikii redio akiwemo.

Basi akapata mchumba. Kijana mtanashati, wa ofisi ya bima, anayekushika kiwiko ukivuka barabara. Hakuinua sauti hata siku moja. Neno lake lilikuwa moja, taratibu. Ukimkaribisha chakula, "Taratibu, mama." Ukimwambia mvua inakuja, "Taratibu, tutafika." Wifi yangu, yaani shangazi yake Chiriku, akambatiza Bwana Taratibu, na jina likakaa. Tulimpenda. Mimi pia nilimpenda, nisijifanye. Nilimsifu kwa majirani hadi wakanichoka.

Siku ya kupanga tarehe tulikuwa watano: mimi, Baba Chiriku, wifi, Chiriku na yeye. Tulikwenda mchana, jua linaingia dirishani. Bibi Mchina akaja na birika la chai, akauliza kama anavyouliza siku zote, "Leo nani dereva?"

Chiriku alishanyoosha mkono. Ilikuwa siku yake, nani asiyejua?

Baba yake akasema, "Leo tumpe mgeni wetu. Mkwe, shika usukani!"

Tulimpigia makofi. Chiriku akaurudisha mkono wake chini ya meza. Bwana Taratibu akatabasamu, akasema, "Taratibu, baba. Mtanifundisha." Hakuhitaji kufundishwa.

Vyakula vikaja. Supu ya mayai na mahindi, tambi za nyama, kuku wa siki na sukari, wali mweupe, mboga za majani, na samaki mzima wa tangawizi, macho yanakutazama. Samaki huyo ni wa Chiriku. Tangu ameota meno anakula shavu la samaki yule, na hakuna mtu nyumbani kwetu anayeligusa. Kioo kikaanza kuzunguka. Samaki akaenda kwa baba, akaenda kwa wifi, akaja kwangu. Akafika kwa Chiriku, Chiriku akapeleka kijiko, kioo kikasogea. Kijiko kikabaki hewani.

Nikadhani mgeni hajazoea. Samaki akazunguka tena, kijiko kikaenda, kioo kikasogea. Safari ya tatu samaki alisimama kabla hajamfikia, na hapo ndipo nilipokiona kidole. Kidole kimoja tu, kimekaa ukingoni mwa kioo, kimekishikilia. Yeye mwenyewe alikuwa amemgeukia Baba Chiriku, anamweleza habari za bima ya moto, anacheka, wala hatazami meza. Kidole kilikuwa kinajua kazi yake.

Chiriku akaweka kijiko chini. Hakusema, "Dereva, nishushe." Akaweka tu.

Kisha yeye akachukua sahani ya Chiriku, akampakulia mboga na wali kidogo. Akasema kwa upole, "Samaki ana mafuta. Na gauni limeshapimwa."

Wifi akapiga paja. "Jamani! Anamhesabia mpaka mafuta! Yule wangu mimi hata ningekula sufuria asingejua."

"Umelikula mara ngapi, dada?" akauliza Baba Chiriku.

"Angalia tumbo, ujijibu."

Wakacheka wote. Mimi nikamwambia binti yangu, "Chiriku, samaki huli?"

Alimtazama yeye kwanza, ndipo akanitazama mimi. "Nimeacha tu, mama."

"Tangu lini?"

"Siku hizi."

Nikanyoosha mkono wangu, nikashika kioo, nikaanza kukizungusha ili samaki aende kwa mwanangu. Baba Chiriku akanikemea kwa mzaha, "Mama Chiriku! Abiria hashiki usukani, utatupindua!" Wifi akacheka mpaka akapaliwa. Bwana Taratibu akaondoa kidole, akainua mikono yote miwili kama mtu aliyekamatwa, akasema, "Mwacheni mama azungushe. Mimi hapa ni mtoto tu."

Nikazungusha. Samaki akasimama mbele ya Chiriku kabisa, shavu limemwelekea. Hakuna aliyemzuia. Chiriku hakumgusa. Alitazama wali wake, akachukua punje chache kwa ncha ya kijiko, akatafuna muda mrefu. Ningependa kile kidole kiwe bado pale, nikione. Kumbe hakikuwa na haja ya kuwepo.

Bibi Mchina alikuwa ameona kutoka kaunta. Akaja na kisahani, akalitoa lile shavu kwa ustadi wake, akaliweka mbele ya Chiriku. "La kwako hili, kama siku zote. Kula, mifupa inaonekana."

"Asante, bibi," akasema Chiriku. Halafu kwa mkono wake mwenyewe akakisukuma kisahani kwa mchumba wake. Naye akalitafuna lile shavu, akafuta mdomo, akasifu upishi. Bibi akanitazama mimi, nami nikamtazama yeye. Tulikuwa wanawake wawili wazee, tumesimama mbele ya jambo ambalo halina jina.

Chiriku alipoinuka kwenda kunawa nikamfuata. Pale kwenye sinki la nyuma, karibu na magunia ya mchele, nikafungua maji ili tusisikike.

"Simu yako iko wapi? Wiki nzima nakupigia, haipokelewi."

"Anayo yeye. Inanisumbua tu, mama."

"Na kazini wakikutafuta?"

"Nimeacha kazi." Akajifuta mikono kidole kimoja kimoja. "Alisema si vizuri, wanaume wananipa miguu niwavishe viatu. Nilitaka kuwaambia leo."

"Mwanangu, unamwogopa?"

Akacheka, lakini kicheko chake halisi nakijua, huwa kinatoka na kelele. "Nimwogope kwa nini? Hajawahi hata kunikaripia. Mama, usiniharibie siku yangu. Si nyinyi wenyewe mlisema nimepata? Si wewe uliyewaambia majirani?"

Kabla sijafunga maji, pazia likasogea. Yeye huyo, amesimama na kitambaa safi mkononi, amemletea ajifutie. "Mko salama? Chai inapoa." Akampisha Chiriku apite mbele, na mimi akanishika kiwiko.

Tuliporudi mezani, Baba Chiriku akaweka sauti ya mkutano. Akasema kijana ameomba mwezi ujao, kwa kuwa ofisi inamhamishia mji mwingine, mbali, safari ya kutwa nzima, na hataki kumwacha mwenzake nyuma. Akasema yeye kama baba hana pingamizi. Kisha akanigeukia. "Mama Chiriku, una neno?"

Nilikuwa nalo. Nikasema, "Naomba tungoje. Angalau mwaka."

Baba Chiriku akaweka kikombe chini. Jikoni karai lilikuwa linachemka mafuta.

"Mwaka? Kwa sababu gani?"

Hebu jiweke mahali pangu. Ungesema nini? Kwamba kioo kilisogea? Nikasema, "Chiriku alikuwa anapenda samaki."

Wifi akanikodolea macho. "Wifi! Harusi isimame kwa ajili ya samaki?"

"Anamzuia."

"Anamzuia nini, na mimi nimemwona kwa macho yangu anampakulia kwa mkono wake? Mwenzangu, ungepata hata nusu yake ungeimba barabarani!"

Nikasema habari ya simu. Baba Chiriku akasema hata yeye angefurahi mtu amchukulie simu, wateja hawamwachi alale. Nikasema habari ya kazi. Akashtuka kidogo, akamtazama binti yake. Bwana Taratibu akainamisha kichwa. "Kazi nilikosea mimi, baba. Nilipaswa kuja kwenu kwanza. Na mama ana haki. Ni mtoto wake, hata mimi ningeogopa. Kama mama anataka tungoje, tungoje. Taratibu."

Alilisema kwa unyenyekevu hata mume wangu akaona haya kwa ajili yangu. Niliiona haya hiyo usoni mwake, mimi niliyeishi naye miaka yote. Akauliza, "Chiriku, wewe mwenyewe unasemaje? Sema bila woga, wazazi wako wapo."

Nilimwomba Mungu kimoyomoyo. Mtoto yule akitaka kusema, hakuna mtu duniani wa kumziba mdomo.

Akasema, "Mwezi ujao unafaa, baba."

Wakapiga makofi. Bibi Mchina hakupiga.

Kesho yake furushi la vitambaa likaja kwangu kama kawaida. Nikakiona cha meza yetu, kile chenye kiraka pembeni nilichokishona mwenyewe. Nikakitandaza sakafuni. Hapa alikaa Baba Chiriku, mchuzi wa kuku umechora ramani. Hapa wifi, ndiyo usiseme. Hapa mimi, chai niliyoimwaga nikinyoosha mkono kwenye kioo. Hapa yeye, matone mawili ya tangawizi. Na kati yangu na yeye, mahali pa mwanangu, peupe. Hata tone. Chiriku, ambaye tangu utoto nilikuwa nalowekea magadi mara mbili mahali alipokaa yeye!

Nikamwita mume wangu, nikamwonyesha. Alichuchumaa, akatazama kweli, maana si mtu mbaya. Kisha akaniwekea mkono begani. "Mke wangu, mtoto amekua, anakula kistaarabu. Umekosa ushahidi, sasa umeanza kupiga ramli kwa vitambaa." Akacheka. Nikakiloweka.

Nilipovirudisha nikamuuliza Bibi Mchina anishauri. Aliacha tangawizi yake. "Nimeona watu wengi wakila hapa. Yuko aliyempiga mkewe kofi pale dirishani, nikamtoa nje na ufagio, mtaa mzima ukanishangilia. Lakini huyu anasema asante. Anasema tafadhali. Nimtoe kwa kosa lipi?" Akafikiri. "Ongea na binti kabla hajaondoka."

Mwezi mzima nilijaribu kuongea naye. Kila nikifika chumbani kwake, Bwana Taratibu yupo, anatuletea soda, anakaa. Siku aliyokuja Chiriku nyumbani peke yake kupimwa viatu vya harusi, mchumba wake alipiga simu ya Baba Chiriku kila baada ya muda mfupi kuuliza kama amefika, kama ameanza kujaribu, kama amemaliza. Nikasema, "Chiriku, bado unaweza. Sema tu hutaki, aibu nitaibeba mimi." Akavua kiatu kimoja, akakishika mkononi. Nilidhani neno linakuja. Kisha simu ikalia, akaikimbilia.

Harusi ilipendeza. Watu walikula. Wakahama.

Nimefika kwao mara moja. Nyumba nzuri, friji jipya limejaa, mpaka baba yake alilifungua na kulifunga kwa wivu wa kifundi. Bwana Taratibu alitupokea stendi, akabeba mizigo yote. Siku zote tulizokaa hakutuacha watatu peke yetu, aliomba ruhusa kazini kwa heshima yetu. Chiriku alikuwa anapika, anaandaa, anakaa. Saa yake ya mkononi imeshuka mpaka inakaribia kiwiko akiinua mkono. Nikasema tumchukue aje apumzike nyumbani. Akauliza, "Na nani atabaki na nyumba?" Hata baba yake safari hiyo hakucheka. Ndani ya basi alitazama dirishani njia nzima, akasema mara moja tu, "Huyu mtoto hajasema kitu." Basi, na yeye sasa anajua, tumekuwa wawili tusioweza.

Nilikwenda polisi, dawati la akina mama. Askari wa kike, mwenye adabu. Akauliza, "Anampiga?" Hapana. "Anamfungia ndani?" Mlango hauna kufuli. "Anamnyima chakula?" Nyumba imejaa chakula. "Mwenyewe amelalamika?" Hapana. Akaweka kalamu chini. "Sasa mama, niandike nini?"

Ndiyo maana naandika mimi. Nakwambia wewe mwenye binti, usingoje kofi. Kofi lina alama, litaonekana na mtoto wa jirani. Tazama kama binti yako anamwangalia mtu kabla hajakujibu. Tazama kitu alichokuwa anakipenda kimeenda wapi, na ukiambiwa ameacha siku hizi, uliza siku hizi ni lini, na nani alikuwepo. Na wewe binti unayesoma, kama umeanza kupima mafuta ya samaki kwa macho ya mtu, mwambie mama yako leo, kabla ya simu kulia.

Namba ninayopiga sasa ni ya mume wake, kwa kuwa yake ilipotea na haijanunuliwa nyingine. Napiga Jumapili. Anapokea mara ya kwanza tu ikilia. Ananiuliza mgongo wangu, anauliza kazi za baba. Kisha anaiweka simu kwenye spika, anasema, "Ongea, mama, anakusikia."

Nasema, "Chiriku, mwanangu. Leo umekula nini?"

Nasikia pumzi. Nasikia kiti kinasogezwa.

"Amekula, mama," anasema yeye. "Amekula vizuri."

Nami nasema asante. Naogopa nisiposema asante, Jumapili ijayo hatapokea.